Shavu la Cyril Stott

Ewart Pilling alikuwa amekwisha kuizunguka roshani ya wachezaji mara kumi na moja, na saa nane na nusu mchana ilikuwa haijafika. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya ndoo ndogo ya barafu, na ndoo yenyewe ameishika kwa mkono wa kushoto, hivyo kila alipopiga hatua maji yalimrukia kwenye viatu. Vic Tranter, mkandaji wa timu, alikuwa amemwambia mara tatu aketi. Mara tatu aliketi, na mara tatu akainuka. Kwa miaka zaidi ya kumi na mitano alikuwa amejipatia riziki kwa kuchuchumaa nyuma ya vijiti vitatu vya kriketi, mara mia sita kwa siku, na mtu wa namna hiyo kiti humwasha kama upupu.

"Keti, Ewart," Vic alisema. "Umevunjika kidole, hukuvunjika mkia."

"Ungekuwa mkia ningelala kifudifudi, nawe ungepumzika."

"Hospitali wanakungoja. Picha ya mfupa haipigwi kwa simu."

"Baada ya chai."

"Ulisema baada ya chakula cha mchana."

"Basi sasa nasema baada ya chai."

Kidole kilikuwa kimevunjika asubuhi ile, siku ya tatu na ya mwisho ya mchezo. Mpira wa kasi ulipita pembeni mwa gongo la mpigaji, ukazama ghafla hatua moja mbele yake, ukampiga kwenye ncha ya kidole cha tatu. Ulisikika mlio kama wa kijiti kikavu. Ewart aliuokota mpira, akamrudishia mrushaji, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Roland Peverell, nahodha, hakudanganyika. Alimjia, akamvua glavu, akakitazama kidole kilichoelekea upande ambao vidole haviendi, akasema, "Nje."

Sheria haikumruhusu mchezaji wa akiba kusimama nyuma ya vijiti. Kipa akiumia, lazima apatikane mwingine miongoni mwa wale kumi waliobaki. Nahodha hakuhitaji kutafuta mbali. Alimwelekezea kidole Giles Ansty, kijana wa miaka ishirini na miwili aliyetoka chuo kikuu, aliyekuwa anacheza kama mpigaji tu. Giles alikimbia kwenda chumbani, akarudi na glavu zake mwenyewe, mpya, rangi ya siagi. Kila mtu kiwanjani alijua glavu zile zilinunuliwa kwa kungojea siku ya namna gani.

Na kamati ya timu ilikuwa inakutana Alhamisi.

Timu ya jimbo lile haikuwa na uwezo wa kuwalipa makipa wawili. Mwaka ujao angebaki mmoja. Ewart alikuwa na miaka thelathini na saba. Aliingia pale akiwa na kumi na saba, akifagia viti vya watazamaji na kusukuma rola ya kulainisha uwanja. Alikwenda jeshini miaka miwili, akarudi, akakaa miaka mitano katika timu ya pili akimngoja kipa mzee aishiwe magoti. Magoti yalipoisha, aliipata nafasi, na hakuiachia tena. Mwaka mmoja alipata mikimbio, yaani alama za mchezo huo, zaidi ya elfu akiingia wa sita kupiga, na wateuzi wa timu ya taifa wakaja kumtazama. Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, wateuzi wakala biskuti, wakaenda zao. Hawakurudi tena. Wakati wa baridi alifanya kazi katika kiwanda cha brashi, akibandika nywele za farasi kwenye mbao, akihesabu wiki zilizobaki kufika Aprili. Kazi nyingine hakuijua.

Chini kiwanjani, Cyril Stott alichukua mpira, na Ewart akasimama kidete.

Cyril alikuwa mrushaji wa polepole, mnene, mfupi, mwenye uso ambao hata mkewe alisema haukuumbwa kwa ajili ya kutazamwa. Lakini vidole vyake vilikuwa na werevu. Mpira wake wa kawaida ukigusa ardhi ulikata kwenda kulia kwa kipa. Halafu, mara moja katika mipira saba au nane, kwa mkono uleule na mwendo uleule, alitupa mwingine uliokata kwenda kushoto. Wachezaji waliuita kinyume. Mpigaji akidanganywa na kinyume hutoka nje ya mstari wake, huukosa mpira, na hapo kazi inabaki kwa kipa: audake mpira na kuvipiga vijiti kabla mtu yule hajarudi. Lakini kipa naye akidanganywa, anakwenda kulia, mpira unakwenda kushoto, unapita mpaka mpakani, na mikimbio minne ya bure inaandikwa.

Katika jimbo zima ni mtu mmoja tu aliyeweza kuutambua kinyume, na mtu huyo alikuwa Ewart Pilling.

Watu walidhani anausoma mkono. Cyril mwenyewe alidhani hivyo, na alijivunia jambo hilo kama mtu anayejivunia mke anayemjua. Haikuwa mkono. Mwaka wa saba wa kumdakia Cyril, jioni moja jua likiwa chini, Ewart aliona shavu la kushoto la mwenzake limevimba kidogo, kama la mtoto mwenye peremende. Mpira ukaja kinyume. Baada ya mipira tisa shavu likavimba tena. Kinyume. Cyril alikuwa anausukuma ulimi ndani ya shavu kila alipotaka kuutupa, na hakujua. Wapigaji wote walikodolea mkono. Hakuna aliyewahi kufikiri kuutazama uso wa Cyril Stott zaidi ya ilivyolazimu.

Ewart hakumwambia mtu. Kwanza alinyamaza kwa ajili ya Cyril, maana mtu akiambiwa jambo analolifanya bila kujua, halifanyi tena vizuri. Kadiri miaka ilivyokwenda, alinyamaza kwa ajili yake mwenyewe.

Halafu Aprili ya mwaka huu, kwenye wavu wa mazoezi, baridi ikiwa bado kali, Giles Ansty alimfuata na kumwuliza kwa adabu, kofia mkononi: "Mzee, unautambuaje kinyume cha Cyril? Ninaota usiku."

Ewart alimtazama. Aliona mabega, aliona macho, aliona miaka kumi na mitano iliyo mbele ya yule kijana. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Angalia kiwiko. Kikipanda juu kidogo kabla hajaachia, ni kinyume."

"Kiwiko," Giles alirudia, kama mtu anayepewa dawa. "Ahsante sana, Mzee."

Toka siku ile Ewart hakupata utulivu. Nyumbani alifungua kabati na kulifunga. Alikata majani ya bustani yaliyokwisha kukatwa. Doreen, mkewe, alimwuliza kama ana minyoo.

Sasa aliegemea ukuta wa roshani na kutazama. Wageni walihitaji mikimbio mia mbili sitini na mmoja ili washinde. Mpigaji wao Harcombe, mrefu, mwenye shingo nyekundu, alikuwa na thelathini na minne. Cyril alikimbia hatua zake nne fupi. Kutoka roshani, ambayo ilikuwa ubavuni mwa uwanja, shavu halikuonekana. Ila miguu ya Giles ilionekana vizuri.

Harcombe alitoka nje, hatua mbili nzima, akapiga hewa. Giles alikuwa amekwenda kulia. Mpira ulikwenda kushoto, ukabingirika taratibu kwenye majani mpaka mpakani, bila haraka yoyote.

Harcombe aligeuka, akakuta bado yu hai, akacheka.

"Bwana mdogo!" Sauti ya Cyril ilifika mpaka juu. "Huko ulikokwenda kulikuwa na nini, harusi?"

Vic alitikisa kichwa. "Masikini. Anatafuta kuku gizani."

Ewart aligundua amechuchumaa, ndoo mkononi, kama kichaa. Akainuka.

Haikuchukua muda ikatokea tena. Minne mingine ya bure. Mara ya tatu Giles alisita katikati, akawa hana upande, mpira ukaruka kutoka kwenye shimo lililochimbwa na viatu vya warushaji, ukampiga mdomoni. Alipiga magoti. Vic alishuka mbio na taulo. Kijana aliinuka, akatema damu, akavaa glavu zake tena. Siagi ilikuwa na madoa mekundu.

Wakati huo ndipo Kanali Lumb alipokuja kusimama karibu na Ewart. Alikuwa mwenyekiti wa kamati, mrefu, mkavu, darubini kifuani. Hakuwa na desturi ya kupanda kwenye roshani ya wachezaji.

"Pilling."

"Kanali."

"Kidole?"

"Kimepinda kidogo tu, Kanali. Wiki tatu."

Kanali aliinua darubini, akaitazama miguu ya Giles kwa mpira mmoja, miwili, akaishusha. "Nitasema jambo ambalo hukulisikia kwangu. Tulikuwa tumekwisha kuamua. Kijana anapiga vizuri kuliko wewe, anakimbia kuliko wewe, ana umri. Barua yako ya kuachishwa ilikuwa imeandikwa, imebaki sahihi."

"Naam, Kanali."

"Lakini Stott ndiye anayetushindia michezo yetu. Kipa asiyeweza kumdakia Stott ni mpigaji mwenye glavu tu. Naona tulifanya haraka." Alikohoa. "Kama jioni itakwisha hivi, nitawaambia Alhamisi tukupe miaka miwili. Kijana anaweza kutafuta jimbo lingine. Au benki. Baba yake ana benki."

"Ahsante, Kanali."

"Usinishukuru. Mshukuru Stott."

Kanali alishuka. Ewart alibaki akiushikilia ukuta kwa mkono mzima. Miaka miwili. Thelathini na tisa. Alijaribu kufurahi, na furaha ilikuja kweli, ya moto, ikamjaa kifua, na papo hapo ikaanza kuuma kama chakula kilicholiwa kwa pupa. Alitembea mpaka mwisho wa roshani. Akarudi. Akashuka ngazi, akapanda. Akachungulia chumbani ambako hakukuwa na mtu, akatoka.

"Umepewa habari mbaya?" Vic alimwuliza.

"Nzuri."

"Ungepewa mbaya ungeparamia bomba la mvua."

Saa kumi na robo walitoka kwa chai. Wageni walikuwa wamefika mia moja tisini na nane, wamebakiwa na watu sita, na Harcombe alikuwa na tisini na mmoja. Walihitaji sitini na mitatu tu. Wachezaji waliingia chumba cha chai wakiburuta miguu. Mezani palikuwa na mikate ya matango, ya mayai, na keki ya zabibu ambayo wapishi waliioka Jumatatu ikaliwa mpaka Jumatano.

Cyril alijitupa kwenye kiti, uso mwekundu. "Mara tatu," alisema kwa chumba kizima. "Mara tatu mtu yule alikuwa maiti, na mara tatu kafufuka. Sijawahi kuona ufufuo mwingi hivi nje ya kanisa."

"Samahani, Cyril," Giles alisema. Mdomo wake wa juu ulikuwa umevimba kama soseji.

"Usiniombe samahani, bwana mdogo. Daka. Hizo glavu ulinunua kwa ajili ya kupungia watu?"

"Mwache, Cyril," nahodha alisema. "Kijana anajitahidi."

"Na mimi najitahidi. Wajitahidi wawili hawajengi nyumba moja."

Watu walicheka kidogo, kwa uchovu. Giles hakucheka. Alichukua kikombe, akaja dirishani alikosimama Ewart, akanywa kwa pembe moja ya mdomo. Chai ilimtiririka kidevuni.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini. "Naomba nikuulize tena. Kiwiko, sivyo?"

Ewart alitazama nje. Mtunza uwanja alikuwa anafagia vumbi pembeni mwa vijiti.

"Naangalia kiwiko tangu Aprili," Giles aliendelea. "Sioni tofauti. Kila mpira naona kiwiko kilekile. Mwezi wa sita nilikwenda kwa daktari wa macho. Nilidhani labda naanza kupofuka. Akanipima saa nzima, akasema naona kama mwewe." Alijaribu kutabasamu, mdomo ukakataa. "Kwa hiyo si macho. Ni kichwa. Kuna watu wamezaliwa nacho, na kuna sisi. Nilitaka tu kuhakikisha, kabla sijamwambia nahodha anitoe."

"Umwambie nahodha nini?"

"Ampe mtu mwingine. Yeyote. Nitamvurugia Cyril mchezo wake wote."

Kengele ya kwanza ililia. Dakika tano.

Ingetosha kunyamaza. Hata kusema neno hakukuhitajika. Mdomo ukae tu umefungwa, kama ulivyokaa miezi mitano. Ewart aliona miaka miwili mbele yake, Aprili mbili, harufu ya majani mara mbili. Halafu akamwona kijana huyu ameketi kwenye chumba chenye giza, mtu mgeni akimmulika machoni, akisoma herufi ndogo ukutani, herufi baada ya herufi, zote sawasawa.

"Njoo huku," alisema.

Alimvuta kwa mkono wa shati mpaka kwenye ushoroba kulikotundikwa makoti ya mvua.

"Si kiwiko."

"Nini?"

"Si kiwiko. Hakikuwa kiwiko kamwe. Nilikudanganya." Maneno yalitoka kwa haraka, kama watu wanaokimbia moto. "Ni shavu. La kushoto. Akitaka kutupa kinyume anaweka ulimi shavuni, linavimba. Hajui kama anafanya. Usimwambie. Ukimwambia atakufa mrushaji yule, atabaki Cyril tu, na Cyril peke yake hafai kitu."

Giles alimtazama. Damu kidogo ilikuwa imeganda kwenye kidevu chake. Aliitazama ndoo, akautazama mkono, akaurudia uso wa Ewart.

"Ulinidanganya," alisema polepole.

"Ndiyo."

"Mimi nilikununulia bia siku ile. Kwa shukrani."

"Nakumbuka. Niliinywa."

"Na sasa kwa nini unaniambia?"

Kengele ya pili ililia. Nahodha aliita kutoka mlangoni. Giles aligeuka, akaondoka akivuta glavu kwa meno.

Ewart alipanda ngazi mbili mbili. Maji yalimwagika yote. Alibaki na barafu tupu ikigongana ndani ya ndoo. Kanali Lumb alikuwa amerudi pale ukutani, darubini machoni.

Mpira wa kwanza wa Cyril ulikuwa wa kawaida, na wa pili na wa tatu pia. Wa nne ulikata kushoto. Giles hakwenda kulia. Hakwenda kushoto vilevile. Alisimama wima kama nguzo ya taa, mpira ukampiga pajani.

"Hatimaye kaamua kutokwenda popote," Kanali alisema.

Haniamini, Ewart aliwaza. Na kwa nini aniamini? Mtu akikuuzia yai viza mara moja, la pili unalinusa nusu saa. Kijana alikuwa anafikiri pengine shavu nalo ni kiwiko kingine, kwamba mzee huyu anataka kumzika kabisa. Ewart alitamani kupiga kelele, lakini ungepiga kelele gani mbele ya watazamaji elfu mbili na Cyril mwenyewe akisikia? Alitembea. Alirudi. Harcombe alifikisha mia, watu wakapiga makofi, wachezaji wakapiga makofi, Giles pia akapiga makofi, glavu zikatoa mlio mzito.

Zamu iliyofuata ya Cyril, mpira wa tatu, Ewart alikiona alichongoja. Mguu wa kushoto wa Giles ulisogea. Nusu ya hatua tu, na ulisogea mapema, kabla mpira haujagusa ardhi. Harcombe aliuacha upite. Mpira ukakata kushoto, ukaingia kwenye glavu za Giles kwa utulivu, kama paka anayeingia nyumbani kwake.

Kijana aliushika mpira ule kwa muda mrefu kuliko kawaida. Aliutazama. Halafu akamtupia Cyril.

Kanali aliishusha darubini, akaifuta kwa leso, akaiinua tena.

Kilichofuata hakikuchukua hata dakika kumi. Harcombe, akiwa na mia na saba, aliamua kummaliza Cyril kabla chai haijashuka tumboni. Alitoka hatua mbili kubwa, gongo juu. Mguu wa Giles ulikwisha kwenda. Gongo lilifagia hewa, mpira ukapita kati ya goti na gongo, Giles akaukuta kushoto, nyuma ya mwili wa Harcombe, mahali ambapo kipa haoni chochote na hukisia tu, na kwa mwendo uleule mmoja akavifagia vijiti. Harcombe hakujisumbua hata kugeuka. Mwamuzi wa pembeni aliinua kidole: ametoka. Cyril alikuwa anakimbia huku mikono imepanuliwa, tumbo likimtangulia, na alipomfikia Giles alimkumbatia akamnyanyua kutoka ardhini.

Ewart alikuwa amechuchumaa tena. Mikono yake yote miwili ilikuwa upande wa kushoto, ile ndoo imeanguka, barafu imetawanyika kwenye mbao. Maumivu ya kidole yalipanda mpaka kwenye bega. Alijiona anacheka, na hapo hapo alijua amefanya nini, akaacha.

"Pilling," Kanali alisema bila kugeuka. "Yule hakuwa mtu yuleyule wa kabla ya chai."

"La, Kanali."

"Unajua kwa nini?"

"Nilimwambia jinsi ya kumsoma Cyril."

"Kwa nini hukumwambia Aprili?"

"Aliniuliza Aprili. Nilimwambia uongo."

Kanali alivua kofia, akaitazama ndani kama aliyesahau kitu humo, akaivaa.

"Ungeweza kunyamaza saa mbili zaidi."

"Nilijaribu, Kanali. Nimejaribu tangu Aprili."

"Hm," Kanali alisema. Alikuwa na sura ya mtu aliyepewa chenji pungufu na ya mtu aliyepewa zaidi, zote kwa pamoja. "Barua zitatoka Ijumaa." Akashuka.

Wageni walimalizika wakiwa wamepungukiwa mikimbio kumi na miwili. Cyril peke yake aliwatoa wapigaji sita. Chumbani kulikuwa na kelele, mvuke, taulo zikiruka. Vic alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari, akimwangalia Ewart kwa jicho la askari.

"Hospitali," alisema. "Sasa. Vinginevyo nakikata mwenyewe kwa kisu cha keki."

Cyril alimshika Ewart bega. "Umeona? Kijana kanisoma kama gazeti! Miaka yote nilijua ni wewe tu. Amepata wapi?" Akamgeukia Giles. "Sema, bwana mdogo. Unaangalia nini?"

Chumba hakikunyamaza, lakini Ewart hakusikia tena kelele. Giles alikuwa amekaa kwenye benchi, anafungua pedi za miguuni. Aliinua macho, akamtazama Ewart kwanza.

"Mkono, Cyril," alisema. "Mzee alinionyesha. Naangalia mkono."

"Nilijua!" Cyril alipiga paja. "Mkono. Mkono wangu ni kitabu, ila wasomaji ni wachache."

Alipokwenda kuoga, Giles alisogea mlangoni. Hakutabasamu.

"Sijakusamehe," alisema.

"Sikuomba."

"Kuna uongo mwingine? Bora uniambie wote leo."

Ewart alifikiri. "Nyama," alisema.

"Nyama?"

"Ile ya ng'ombe niliyokwambia uweke ndani ya glavu kulinda viganja. Mababu walifanya hivyo. Siku hizi hakuna anayefanya."

"Nanunua nyama kila Jumamosi tangu Mei!" Giles alisema. "Chumba kizima kinanuka bucha, na hakuna aliyeniambia?"

"Sisi tulidhani ndivyo wanavyofanya chuo kikuu," Vic alisema. "Ewart, gari."

Barua ilifika Ijumaa, na posta ya kwanza. Ewart aliisikia ikianguka sakafuni, maana alikuwa ushorobani tayari, tangu saa kumi na mbili, akihamisha makoti kutoka msumari huu hadi ule. Aliifungua kwa mkono wa kushoto na meno. Ilikuwa mistari minne.

"Wanasemaje?" Doreen aliuliza kutoka jikoni.

"Wanashukuru kwa miaka yangu ishirini."

Doreen akatokea mlangoni, yai mkononi, aproni ya kazini imekwisha kufungwa, maana saa mbili alitakiwa kuwa kwenye jiko la shule.

Pale pale ushorobani, huku akienda na kurudi kati ya mlango na ngazi, Ewart alimweleza yote: shavu, kiwiko, daktari wa macho, Kanali na darubini yake. Hakuwahi kumwambia hata la shavu. Doreen alisikiliza, akimfuata kwa macho kama mtu anayetazama tenisi.

"Na kama ungenyamaza," alisema mwishoni, "wangekupa miaka mingapi?"

"Miwili."

"Miwili?"

"Miwili."

"Miwili tu," Doreen alisema, akarudi jikoni, na Ewart akasikia yai likipasuliwa kwenye ukingo wa kikaango.